Mla Mayai wa Bumbire

Kila nikifungua duka, kabla hata sijatundika picha za maharusi mlangoni, mmoja wenu huwa amekwisha kukalia kiti cha wateja na swali lake mkononi: "Idi, ni kweli ulitafuna maganda ya mayai mbele ya ukoo wa watu?" Mwingine amesikia kwamba nilimeza nyoka. Yupo na wa sokoni anayesema nyoka ndiye aliyenimeza mimi, akanitema kwa sababu ninanuka dawa za kusafishia picha. Basi naandika mara moja. Msome kwa zamu, kisha mniache nifanye kazi.

Habari za vibali na za nani alikwenda kupanga foleni boma siwapi, maana hata mimi nilisinzia zilipokuwa zikitokea. Mnamfahamu Deogratias, yule kijana wa Kashozi ambaye kwao wana shamba la kahawa nyuma ya kanisa. Anasoma Makerere, elimu ya wanyama. Huko mwalimu wake aliwaeleza habari za nyoka mmoja mweusi asiyekula kitu chochote ila mayai, ambaye wataalamu wamemwona mara chache tu, kwenye milima ya mbali huko magharibi. Deo akanyoosha mkono, akasema amesikia kwa mtu aliyewahi kufundisha Bumbire kwamba kisiwani kule yupo nyoka mweusi anayelia kama mafuta ya kukaangia. Mwalimu akacheka. Upande huu wa ziwa, akasema, nyoka huyo hayupo.

Deo hakucheka. Likizo ilipofika alikuja dukani moja kwa moja. Alitaka kurudi Makerere na mwili wa nyoka ndani ya chupa, pamoja na picha yake akiwa hai mahali pake, ili mtu asije akasema aliokotwa kwingine. Mimi aliniambia tu kwamba ni picha ya kiumbe mdogo, mpole, asiye na meno. Nikakubali upesi. Nilidhani ni ndege.

Rwamishenye hadi Muleba, juu ya lori

Lori lilikuwa liondoke alfajiri, na kwa dereva wetu alfajiri ni wakati wowote kabla hajala cha mchana. Tulikaa Rwamishenye juu ya magunia ya chumvi. Deo alikuwa amepakata chupa kubwa ya spiriti aliyoivisha kanga kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa na kamera yangu, miguu yake mitatu na lile guo jeusi la kujifunikia kichwa. Katikati yetu palikuwa na kapu jipya lenye kifuniko.

Akapanda mama mmoja mnene na mikungu yake ya ndizi, akaketi, akapumua, akatusalimu vizuri.

"Kapuni mna nini, wanangu?"

Ni hapo ndipo nilipogundua ubaya wa Makerere. Inamfundisha mtu kujibu swali kama lilivyo.

"Bado hakuna kitu, mama," Deo akasema. "Ni kapu la nyoka."

Ile "bado" haikufika. Iliyofika ni nyoka. Mikungu ilibaki, mama hakubaki, na watu wote wa nyuma walihamia mbele hadi lori likainamisha pua. Deo akaona awatulize. Akafunua kapu, akalipindua juu chini mbele ya macho ya wote.

"Tazameni, ni tupu!"

Watu wakanyoosha shingo kuchungulia. Kisha sauti ya mzee mmoja: "Basi ametoka!"

Sitawaeleza jinsi lori lilivyobaki bila mtu. Ilibidi magunia yote yashushwe, moja moja, yapigwe fimbo, yapakiwe tena. Dereva alikataa kuwasha moto mpaka Deo aape kwa Mungu wa kanisani na mimi niape kwa jina la Allah, ili pasiwe na mwanya wa nyoka kupita kati ya dini mbili.

Tuliposogea Muhutwe mvua ikatukuta, lori likateleza likalala ubavu kwenye tope la ukingoni. Kwa kusukuma pamoja tulipatana. Yule mama, ambaye aliitwa Ma Leokadia, alifungua jani la mgomba lenye senene, wale panzi wa kuliwa, wa kukaanga, akampa mtu wa kwanza, ampe wa pili, ampe wa tatu, hadi likatufikia sisi.

"Kuleni, wanangu, mmefanya kazi," akatuambia kutoka kule mbele. "Ila msinisogelee."

Mwaloni chini ya Muleba

Muleba tulilala kwa shangazi yake Deo, na kulipokucha tukashuka ziwani, kwenye mwalo ambako mitumbwi ya kwenda visiwani hutia nanga. Deo alisimama mbele ya wavuvi akatangaza, kwa Kihaya na tena kwa Kiswahili, kwamba anatafuta nyoka mweusi, na yeyote aliyemwona aseme.

Mtu mmoja mpole, mnunuzi wa samaki, jina lake Rwiza, alitusogelea. Kwa heshima yangu mimi mtu wa mjini alisema kwa Kiswahili.

"Mimi nina mamba nyumbani. Mkubwa. Karibuni mje."

Uso wa Deo uling'aa kama mtu aliyeitwa kupokea tuzo. Wangu ulipoteza damu. Tukamfuata kwenye njia nyembamba ya migombani, Deo mbele, mimi nyuma nikitafuta mti wa kupanda.

"Tembea taratibu," Deo alininong'oneza. "Huyu akikugonga mara moja, hupati hata muda wa kuaga."

"Kugonga? Huyu anakata mtu vipande viwili!"

"Idi, nyoka anakata mtu vipande na nini?"

"Nyoka gani? Mtu amesema mamba!"

Tulisimama tukatazamana, kila mmoja na hofu ya mamba wake: yeye yule nyoka mwenye sumu, mimi yule wa majini. Rwiza alikuwa amekwisha kuingia ndani. Akatoka na mkewe, mkewe akiwa na chungu, na chungu kikafunuliwa. Ndani alikuwamo yule samaki mrefu wa matopeni, mwenye sura ya nyoka aliyekosea njia, amekaushwa kwa moshi na kuchemshwa. Watu wa ziwa humwita mamba. Rwiza alikuwa amesikia wageni wa shule wanatafuta kitu cheusi chenye umbo hilo, akaona atukaribishe chakula.

Deo alijipiga kofi kwenye paji la uso. Samaki huyo amemjua tangu anatambaa, lakini masomo yalikuwa yamemfunika. Zaidi ya hayo, kwa ukoo wao ni mwiko kumla. Basi yeye alikula ndizi kavu akimtazama kwa huzuni, na mimi nikala kwa niaba ya wawili. Ni mtamu, ndugu zangu, ana mafuta kama nyama.

Tuliporudi mwaloni wapiga makasia walikuwa wametuchoka, wamekwenda kunywa pombe ya ndizi kwenye arusi. Safari ikalala hadi kesho yake.

Ziwani

Nahodha wetu alikuwa Mzee Ishengoma, mtu mkavu, maneno yake machache na yote yanauma.

"Watu humchukua nyoka wakamtupe mbali na kwao," alimwambia Deo tukiwa katikati ya maji. "Nyie mnamfuata mbali mumlete kwenu. Kashozi hakuna nyoka?"

"Wapo, mzee, lakini wanajulikana."

"Na huyu kosa lake ni kutojulikana. Kumbe ninyi ni polisi."

Wapiga makasia walicheka hata mtumbwi ukayumba, nami nikakumbatia kamera. Ishengoma akasema atatusubiri Bumbire tukamilishe mambo yetu, kwani hata hivyo ana mzigo mwingine wa kurudi nao. Mwenyeji wetu tuliyeelekezwa kwake, Mzee Kaijage, alikuwa anamrudisha mkwe wake kwao bara.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Anakula mayai."

Nilicheka, kisha nikaona nacheka peke yangu. Mama yangu alikuwa Mhaya, ilinipasa nikumbuke. Kwa wazee wa huku mwanamke haonji yai, sembuse kuliiba. Mwanamke mla mayai ni aibu ya nyumba nzima. Mume wa binti huyo, Ishengoma akasema, alikuwa amekwenda Uganda kutafuta kazi, na hakuna aliyekuwa upande wake.

Bumbire, kwa Mzee Kaijage

Mzee Kaijage alitupokea kwa adabu zote. Tuliletewa akamwani, zile buni zilizochemshwa na viungo ambazo mgeni hutafuna kabla ya mazungumzo, kisha ndizi na furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Aliyeleta maji ya kunawa alikuwa mwanamke kijana, mrefu, macho yake chini. Hakuna aliyemtaja jina. Mama mwenye nyumba, Ma Kagemulo, alimfuata kwa macho kutoka mlangoni mpaka mlangoni kama askari anayelinda ghala.

Deo, kama kawaida yake, alikuwa akijibu maswali.

"Hana meno, mzee. Analimeza yai zima zima. Shingoni ana mifupa iliyochongoka kwa ndani, ndiyo inayolipasua. Anakunywa ute na kiini, halafu ganda analitema, limekunjamana kama..."

Chombo cha maji kilianguka. Yule mwanamke alikuwa amesimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza alituangalia usoni.

"Analitema wapi?" akauliza.

"Kokugonza!" Ma Kagemulo akamkemea. Ndivyo tulivyolipata jina lake.

"Mae, mama yangu, nisamehe. Nauliza tu. Analitema wapi?"

Deo alisema popote, hapo hapo alipokula. Kokugonza aliokota chombo, akatoka, na alipopita karibu nami akaninong'oneza, kwa Kiswahili chake cha shule: "Kaka, mwambie mwenzako aje kwenye kibanda cha kuku. Sasa."

Kibanda kilikuwa nyuma ya nyumba, kuta za fito, paa la nyasi. Deo aliingia akitambaa. Mimi nilibaki nje nikitengeneza kamera, kazi ambayo siku ile ilihitaji uangalifu mwingi sana na umbali mkubwa. Mara nikasikia kitu ambacho mtu wa mjini anakijua vizuri: mlio wa maandazi yanapoingia kwenye mafuta ya moto. Chwaaa. Nikawaza, nani anakaanga ndani ya banda la kuku?

Deo akatoka kinyumenyume, nywele zimejaa nyasi, na mkononi mwake alikuwa ameshika kamba nyeusi tii inayojikunja na kujisugua, magamba kwa magamba, na kukaanga.

Sijui nilifikaje juu ya gogo lao la kukamulia ndizi za pombe, lililochongwa kama mtumbwi. Nilijikuta nimesimama ndani yake kama nahodha.

"Ni yeye!" Deo alikuwa karibu kulia. "Idi, ni yeye! Mweusi mwili wote, hana doa! Lete chupa!"

Nyoka dhidi ya mkwe

Chupa ilikuwa karibu yangu, lakini Kokugonza aliifikia kwanza. Aliikumbatia.

"Ukimuua," alimwambia Deo, "nani atamwona akila?"

"Dada yangu, akinitoroka, nani ataniamini mimi? Nimetoka Makerere kwa ajili yake."

"Wewe usipoaminiwa utarudi darasani. Mimi mtumbwi unaningoja."

Deo alinitazama. Nilimwona akipima: huku mwalimu aliyecheka, huku mwanamke huyu aliyemjua tangu asubuhi ile tu. Nyoka alikuwa akijipitisha vidoleni mwake, anatafuta pa kupenya. Nilitaka kusema kitu cha busara, lakini kwa kuwa nilikuwa ndani ya gogo la pombe sikuwa na uso wa kushauri mtu. Nikasema tu, "Deo, kapu lina kifuniko."

Akapumua kwa nguvu. "Haya. Mpaka jua liinamie upande ule. Halafu anaingia chupani."

Watu waliitwa. Walikuja majirani, mashemeji, wapiga makasia na Mzee Ishengoma, aliyekaa mbele kabisa akasema amekuja kusikiliza kesi. Kapu liliwekwa uani likafunuliwa, yai dogo la kienyeji likawekwa mbele ya nyoka. Nikasimamisha kamera mbali kidogo na Deo akaisogeza karibu, nikairudisha, akaisogeza. Filamu zilikuwa zimebaki chache, maana wavuvi wote walitaka kupigwa picha na makasia yao tulipowasili, na mimi nina moyo dhaifu.

Nyoka akalitazama yai. Akatutazama sisi. Akajikunja, akaficha kichwa.

Tulingoja. Vikohozi vikaanza, kisha vicheko.

"Mmetuletea nyoka mwenye haya," akasema Ma Kagemulo. Alifungua fundo la kitenge chake akatoa kitu kikavu, cheupe, kilichokunjwa kama karatasi iliyofinywa kiganjani. "Hivi ndivyo ninavyovikuta bandani. Huyu binti anatafuna yai bichi na ganda lake, anatema makapi. Nyoka hatafuni, wenyewe mmesema hana meno!"

Watu wakaguna kuunga mkono. Kokugonza alisimama wima, mikono imeshika chupa. Deo alifungua mdomo ajibu, na mimi nikajua akijibu tu kwa mtindo wake tumekwisha.

"Mama," nikasema, "makapi ya mtu yanafanana hivyo?"

"Yafanane na nini kingine?"

"Basi tujaribu. Nipeni yai."

Ndiyo, ndugu zangu. Hapa ndipo mliponisikia. Nililitia yai bichi kinywani, dogo lakini kinywa nacho kina mpaka wake, nikalibana kwa meno mbele ya ukoo mzima. Lilipasuka, likamwagika ndani na nje, hata kwenye kanzu. Nikaanza kutafuna. Inakwaruza kama changarawe. Wanawake walijifunika nyuso, wanaume walicheka mpaka kukaa chini, Ishengoma akapiga magoti kwa kicheko. Macho yote yalikuwa kwangu.

Yote isipokuwa mawili. Nyoka, alipoona hakuna anayemwangalia, alikunjua shingo.

"Idi," Deo akasema polepole sana. "Idi. Kamera."

Nilikimbia na kinywa kimejaa. Nikajitupa chini ya guo jeusi, na pale kwenye kioo, ambapo kila kitu huonekana kichwa chini, nikamwona: kichwa kisichozidi kidole gumba kimepanuka kikalivaa yai lote kama soksi. Ngozi ya shingo ilinyooka mpaka weupe wa ganda ukaonekana kati ya magamba. Sikuogopa. Sijui hofu ilikwenda wapi. Labda haikupata nafasi kinywani. Nikapiga picha.

Ua wote ulinyamaza. Ndipo sote tukasikia: kt. Uvimbe ukazama. Nyoka akayumba kidogo kama mzee aliyeshiba, akapanua kinywa, akatema kitu. Kilikuwa cheupe, kimekunjamana, kimeshikana kwa utando wake, kizima.

Mimi nikatema changu kando yake. Kilikuwa mchanga.

Ma Kagemulo aliinama, akaweka kile kikavu chake karibu na kile kibichi cha nyoka. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini pale pale mavumbini, mwanamke mzima wa heshima zake, akasema, "Binti yangu, nimekuonea."

Mzee Kaijage alianza kusema mambo ya kufidia, ya kuita wazee, ya kitenge kipya. Kokugonza akamkabidhi Deo chupa yake, akajipangusa mikono.

"Tata, baba yangu, sitaki kitenge. Nataka yai."

"Yai?"

"Tangu mvua za kwanza naitwa mla mayai. Hata watoto wananiita. Wala sijui yakoje. Nichemshieni moja, nile hapa, mbele ya hawa hawa."

Wanawake wakashika vinywa. Mzee akamtazama mkewe. Ma Kagemulo aliinuka, akaingia jikoni, na aliyelichemsha ni yeye mwenyewe, aliyelimenya ni yeye.

Wakati huo Deo alinikumbusha kwamba filamu imebaki moja, na ni ya kupiga makazi ya nyoka: banda, nyasi, mahali penyewe. Nikasimamisha kamera kuelekea banda. Kokugonza alikuwa amekaa kigogoni mbele yake, yai mkononi. Nikamwambia Deo asogee asiniharibie mwanga. Kokugonza akauma kipande. Akatafuna taratibu, macho juu, kama mtu anayesikiliza wimbo unaopigwa nyumba ya mbali. Nikapiga.

"Ndicho hiki?" akasema. "Hata chumvi hakina!"

Kurudi

Mtumbwi wa Ishengoma ulirudi bila mkwe wa mtu. Nyoka alikuwa chupani, na Ishengoma alikuwa wa kwanza kumwonyesha kila tuliyempita ziwani, akieleza kwa mikono yake miwili jinsi walivyomkamata, yeye na sisi.

Picha zilitoka vizuri. Deo alizichukua zote kwenda Makerere, na nyuma ya ile ya mwisho aliandika kwa mwandiko wake safi: "Makazi ya nyoka." Ameniandikia kwamba mwalimu wake aliitazama ya kwanza akavua miwani, akakubali kwamba nyoka ni yule yule, na kwamba sasa itabidi vitabu vitaje Bumbire. Aliitazama na ya pili, akauliza kama wanawake wa kule nao hula mayai. Deo, bila shaka, alijibu swali kama lilivyo: "Mmoja, bwana, mara moja."

Nilisafisha nakala moja zaidi ya ile picha ya Kokugonza nikampa Rwiza aipeleke kisiwani. Juzi alipita dukani na samaki wake. Kokugonza hajambo, amepata barua ya mumewe, na picha imetundikwa ukutani. Kisha akasema ana salamu pia za Ma Kagemulo, ambazo hakuzielewa, ila aliapishwa anifikishie mimi peke yangu, tena mbali na masikio ya wanaume wengine.

"Amesema hivi: mwambie yule mpiga picha kwamba ukitia chumvi, si kibaya."